Kijiko Kimoja cha Uji wa Dagaa

Tulipomzika Truda mwezi uliopita, kule juu kwao kwenye mteremko unaotazamana na Soni, watu walijaa mpaka wengine wakasimama ndani ya shamba la maharage la jirani, na mimi, bibi wa miaka karibu sabini mwenye miwani na mkongojo, nikajikuta nawatazama kwa kijicho. Nilijisemea moyoni: hata kufa amenishinda. Kwaya mbili, wachungaji watatu, na masheikh waliopanda mlima kwa heshima ya jirani yao. Mimi nikifa watakuja wanangu na wale wanaopenda pilau. Sijivunii wazo hilo, lakini wivu wangu kwa Truda ulikuwa umenizoea kiasi kwamba ulinifuata mpaka kaburini kwake. Baada ya maziko tuliketi kula. Binti yake, Fidea, ambaye sasa ana mvi na wajukuu wawili, alipokea sahani yake, akaiweka magotini, asiiguse. Alinitafuta kwa macho katikati ya umati ule. Niliinuka, nikaenda kwenye mafiga, nikafunua sufuria moja baada ya nyingine, nikawauliza wapishi wamechanganya nini na upawa upi umeingia wapi, kisha nikarudi na kumwitikia kwa kichwa. Ndipo akala. Wageni walidhani ni adabu tu ya binti kwa rafiki wa mama yake. Mimi nilishindwa kula, kwa sababu nilikuwa nimesharudi kwenye banda la watoto, mwaka ule.

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, ule tuliouita yanga, mvua zilipotutoroka hata sisi wa milimani tuliozoea kuamka na ukungu mlangoni. Kijiji chetu kilikuwa kimeshatangazwa kuwa cha ujamaa, na siku tatu kwa juma akina mama waliteremka bondeni kwenye shamba la pamoja la kabichi na viazi, wakiwaacha watoto wadogo bandani. Banda lenyewe zamani lilikuwa ghala la mboga: kuta za miti na udongo, dirisha moja lisilo na kioo, na harufu ya vitunguu iliyogoma kutoka hata tulipoikandika sakafu upya. Upande mmoja palikuwa na mafiga ya mpishi wetu, Bibi Mwanaidi, mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji na aliyejua koo zote za mlima ule, nani hali nini na kwa nini. Upande wa pili tulitandika magunia watoto walale. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kwa kuwa nilimaliza darasa la saba nilipewa daftari la mahudhurio na kazi ya kuwalisha watoto, nikajiona mtu mkubwa sana. Nilikuwa pia na mchumba, Zakaria, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha chai kule Mponde. Barua ya posa imejibiwa, siku ya ndoa inazungumzwa. Msichana mwenye bahati kama hiyo alipaswa kutulia.

Sikutulia, kwa sababu Truda alikuwapo. Alinizidi miaka mitatu, na alikuwa amemzaa Fidea bila kuolewa. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza baba wa mtoto ni nani. Akajibu kwamba mtu huyo ameshaondoka, na jina lake halitamlisha mtoto. Wakamzuia meza ya Bwana, wakamtoa kwenye kwaya. Mwanamke mwingine angetembea kichwa chini mwaka mzima. Truda aliimba shambani kwa sauti ile ile waliyomkataza kuimba kanisani, akina mama wakamwitikia, na majembe yakaenda upesi. Nilimwonea wivu kwa sauti yake, kwa shingo yake, kwa jinsi alivyofunga kanga iliyochakaa ikaonekana ya sikukuu. Nilimwonea wivu hata kwa aibu yake, maana mimi niliyekuwa msafi sikuwa na mtu aliyegeuka nikipita. Zakaria mwenyewe, tukitoka kanisani siku moja, aliwahi kusema tu hivi hivi, "Truda anajua kucheka," na neno hilo nilikaa nalo majuma mawili.

Kisha bibi maendeleo akaja kutoka Lushoto na agizo: watoto wanakonda kwa unga mtupu, tuwatilie dagaa waliotwangwa kwenye uji. Dagaa wakanunuliwa sokoni Soni, tukawaosha, tukawaanika, tukawatwanga. Siku ya kwanza watoto walikunja nyuso, kisha wakazoea. Fidea, aliyekuwa na miaka miwili, alikunywa nusu kikombe. Sijamaliza kuwafuta wenzake midomo nikamwona anajikuna shingo. Mdomo wa juu umevimba, vipele vyekundu vimepanda mashavuni mpaka kwenye kope. Alilia, akanywa maji, akalia tena, na ilipofika saa nane mchana uvimbe ulikuwa umeanza kushuka. Akina mama waliorudi kuchukua watoto wao wakamzunguka. Bibi Mwanaidi alimshika kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga wa mlango.

"Huyu ni wa wale wasiokula samaki," alisema. "Damu imekataa."

"Wale wapi tena, bibi?" mmoja akauliza.

"Mlima huu una ukoo mmoja tu wenye mwiko wa samaki. Mbona unaniuliza unachokijua?"

Nilikuwa nimeinama nasuuza vikombe. Ukoo huo ulikuwa wa Zakaria, na hapakuwa na mtu bandani asiyejua. Mmoja akakohoa, mwingine akasema mawingu yale huenda yakaleta mvua. Truda alikuwa bado njiani kutoka bondeni, hakusikia kitu. Mimi nilisuuza kikombe kile kile mpaka maji yakaisha kwenye debe.

Kesho yake Truda alinipitia nyumbani. "Nomi mdogo wangu, twende wote zahanati. Wewe umesoma, utashika yale nitakayoyasahau." Sikuwa na sababu ya kukataa ambayo ningeweza kuitamka. Mganga wa zahanati aliitwa Ayubu, mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu ya risasi iliyobaki ncha tu. Aliuliza mtoto amekula nini, saa ngapi, na ulipita muda gani kabla hajavimba. "Bibi anasema ni mwiko wa ukoo," nilisema mimi, huku namtazama Truda usoni. Truda hakupepesa.

"Mambo ya koo waulizeni wazee, mimi naujua mwili," alisema Mganga Ayubu. "Mwili wa mtoto huyu haumtaki samaki. Asipewe nyama yake, asipewe mchuzi wake, asipewe hata uji uliokorogwa kwa upawa uliotoka kwenye dagaa. Na mnisikilize vizuri, maana safari nyingine inaweza kuwa mbaya kuliko hii. Akitoka vipele tu, kaeni naye, mtazameni, msimwache peke yake. Lakini sauti ikikauka, kifua kikianza kukoroma, akitapika huku anavimba, au akilegea na kutaka kulala wakati si wake, hapo msikae kushauriana. Msimpe maziwa, msimpe mizizi, msimngoje baba wala babu. Mleteni mbio, na mmoja atangulie kunipigia kelele niandae sindano." Alinitaka nirudie yote. Nilirudia neno kwa neno, akanisifu. Kumbukumbu yangu ilikuwa nzuri sana, na ndiyo maana mpaka leo sina cha kujitetea.

Kuanzia siku hiyo Bibi Mwanaidi alimpikia Fidea kisufuria chake pembeni, nami nikaanza kumchunguza mtoto. Zakaria alikuwa na masikio yaliyosimama. Nilitazama masikio ya Fidea, asubuhi nikayaona yamesimama, mchana nikayaona yamelala. Niliangalia vidole vya miguu, kucha, kisogo. Nilimchana nywele kwa muda mrefu kuliko wenzake, na Truda akanishukuru kwa kumpenda mwanawe. Kumuuliza Zakaria sikuthubutu, na kumuuliza Truda niliona ni kujishusha. Siku hizi nikiwaona vijana wanavyopekuliana simu nacheka peke yangu, maana kazi ile naijua: unatafuta kitu huku unaomba usikipate, na usipokipata unaumia zaidi kwa kuwa itabidi utafute tena kesho. Nilikonda mwaka ule kuliko watoto wa yanga, na mama yangu akadhani ni hamu ya ndoa.

Siku moja tukichambua maharage nilimchokoza Bibi Mwanaidi. "Kwani bibi, mwiko wa ukoo hauna dawa?"

"Unayo. Baba akimnywesha mwanawe maji ya chemchemi kwa kiganja chake, mwiko unamfungukia mtoto. Atakula samaki na hatadhurika. Lakini awe baba kweli. Mwanamume mwingine akimnywesha, hayo ni maji tu."

Jumapili iliyofuata Zakaria alikuja. Tulipita kwenye chemchemi, tukamkuta Truda anachota maji, na Fidea analia kwa kiu. Zakaria aliinama, akakinga maji kwa kiganja, akamnywesha. "Kunywa, mama," alimwambia. Mtoto akanywa, akacheka, akakishika kidole chake akakataa kukiachia. Truda naye akacheka. Jambo lenyewe halikufika dakika mbili. Tulipofika nyumbani, makande niliyoyapika mwenyewe kwa ajili ya mchumba wangu sikuyagusa. Nilikaa nikafikiri hivi: mtoto akila dagaa asivimbe, basi baba ameshamfungua, na baba ni Zakaria. Akivimba, Zakaria yu safi. Nilitaka avimbe. Naandika neno hilo taratibu, na sioni lingine la kuliweka badala yake.

Jumatatu nilichota kijiko kimoja kutoka kwenye sufuria kubwa. Bibi Mwanaidi alikuwa nje anapasua kuni. Nilipuliza uji upoe, mlezi mwema kabisa, nikamwambia Fidea afumbue mdomo, naye akafumbua kwa sababu alinizoea. Kisha nikakaa mbele yake nikangoja. Kipele cha kwanza kilitokea chini ya sikio, cha pili shavuni, kisha mdomo ukaanza kunenepa, na mimi nikafurahi. Furaha kamili, ya kutaka kuimba. Zakaria wangu alikuwa safi, na Truda na kicheko chake hawakuwa na chochote changu. Furaha ile ilidumu mpaka Fidea alipotapika na kuniita. Siku zote aliniita "Nomi" kwa sauti kali ya kusikika mpaka barabarani. Safari hii jina langu lilitoka limekauka, linakwaruza, na nyuma yake kifua kikapiga filimbi.

Bibi Mwanaidi aliingia, akaona, akaweka shoka chini. Hakuuliza mtoto amekula nini, maana kisufuria alikisugua mwenyewe kwa majivu na aliamini kilikuwa kisafi.

"Ni yale maji ya jana," alisema, maana habari ya chemchemi ilikuwa imeshamfikia. "Yule kijana amemnywesha bila kutaja majina ya wazee wake, mwiko umekasirika. Apelekwe mtu Mponde akamlete Zakaria, aje amnyweshe upya."

"Bibi, Mponde ni mbali. Atarudi jioni."

"Ndiyo maana nasema mtu aondoke sasa hivi. Mlaze mtoto, mfunike, tumngoje."

Fidea alikuwa amelegea mapajani mwangu, macho yanajifumba. Yote aliyoyataja Mganga Ayubu yalikuwa mbele yangu. Nilisema twende zahanati. Bibi Mwanaidi akasimama mlangoni. Alikuwa ameponya watoto wengi kwa kuwafunika na kungoja, na hakuwa mtu wa kupisha njia kwa neno la msichana aliyempokea yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa, kama alivyompokea mama yake. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho kingemwondoa pale. Niliiona ndoa yangu, niliona daftari langu, nikaliona jina langu litakavyotajwa visimani. Sitasema nilikuwa jasiri. Nilisikiliza pumzi ya mtoto, moja, ya pili, ya tatu, na ya nne ikachelewa.

"Nimempa dagaa," nilisema. "Ni mimi, kwa makusudi. Nilitaka kujua kama ni wa Zakaria."

Bibi Mwanaidi alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena maishani. Kisha akasogea pembeni.

"Basi kimbia," alisema. "Umesimama nini?"

Njia ya zahanati hupita ukingoni mwa shamba la pamoja. Nilimbeba Fidea kifuani, kichwa chake begani kwangu nisikie anavyovuta pumzi, na wanawake wakaanza kuinua migongo mmoja mmoja. Truda alitupa jembe kabla sijamfikia.

"Ni dagaa," nilisema. "Nimempa mimi."

Hakuuliza kwa nini. Alimchukua mtoto mikononi mwangu na kusema neno moja: "Tangulia." Kumbe na yeye hakuwa amesahau kitu. Nikakimbia mbele yake nikimwita Mganga Ayubu kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, na Truda alipofika mlangoni sindano ilikuwa tayari. Mganga alimchoma mtoto pajani, akamlaza chali, akaweka blanketi lililokunjwa chini ya miguu yake. Tulisimama tukitazama kifua kile kidogo. Kwanza hapakuwa na mabadiliko yoyote. Baadaye filimbi ikapungua, midomo ikarudi rangi, na Fidea akalia, akalia kwa hasira kabisa, na Mganga Ayubu akaketi. Alituambia tusiondoke mpaka jioni kwa kuwa uvimbe wa namna ile una tabia ya kurudi baada ya saa kadhaa. Kisha akauliza ni nani aliyeamua mtoto aletwe bila kungoja.

"Nomi," Truda alijibu.

Akanisifu mara ya pili. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta.

Habari zilifika Mponde kabla sijajua niandike nini. Zakaria alikuja Jumamosi, akakataa kiti. "Ungeniuliza tu," alisema. "Mimi nakula samaki kila juma kule kwenye kambi ya kiwanda, wenzangu wakipika nala nao. Sijavimba hata ukope. Mwiko tumewaachia wazee." Alianza kucheka, kisha akaacha. Wote wawili tulikuwa tumeelewa. Kama yeye mwenyewe, mtoto halali wa ukoo, samaki hawakumfanya kitu, basi kuvimba kwa Fidea hakukuwa ushahidi wa jambo lolote la baba yake, na nilikuwa nimekaribia kumuua mtoto kwa kutafuta jibu mahali lisipokuwapo. Alisogeza ndoa mbele. Alinioa baada ya miaka miwili, tukaishi vizuri, ila mpaka anafariki hakuwahi kuniona nampakulia mtoto wa mtu mwingine bila kunitazama mkono.

Bandani nilijua nimeshafika mwisho. Siku tatu sikwenda, na hapana aliyekuja kuniita. Siku ya nne mchana Truda akaja kwetu, Fidea mgongoni. "Onga mshi," alisalimu kwa Kishambaa, nami nikaitikia. Mama yangu alitupisha jikoni. Truda aliketi kwenye kigoda, akamshusha mtoto, na mtoto akanijia moja kwa moja akaniwekea mkono gotini. Hapo nikalia.

"Baba yake si Zakaria," Truda alisema. "Hilo nakuambia mara moja tu, na nani ni baba yake sitakuambia."

"Nisamehe, dada."

"Bado. Kila nikifumba macho nauona ule mdomo. Siku nitakapokusamehe nitakuambia." Alisogeza kuni iliyokuwa inafuka. "Kesho ni zamu yangu shambani. Nimewauliza wote ni nani atakaa na huyu. Wanasema watajitahidi. Bibi Mwanaidi anasema atamwombea dua. Sitaki mtu wa kujitahidi. Wewe umeona anavyoanza, umeisikia ile sauti inavyokauka, na unajua wakati wa kukimbia ni upi. Tena una hofu ambayo wao hawana. Utakaa naye wewe."

"Watu watasemaje?"

"Watasema. Mimi wameshanisema, niko hapa."

Alisimama, akafunga kanga yake, akatoka bila mtoto. Nilibaki na Fidea mapajani, nikiwa naogopa hata kumpa maji. Ningekuwa mimi, mtu aliyemlisha mwanangu sumu asingemtia machoni tena mpaka anaingia kaburini. Nilimsikia Truda akishuka njiani, akisalimiana na watu kwa sauti yake ya siku zote, nikamwonea wivu kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na sababu.

Aliniletea mtoto kesho yake, na keshokutwa, na mwaka mzima, na baadaye akaniletea na wengine aliowazaa ndani ya ndoa. Tulizeeka pamoja, tukauguzana, tukazikiana waume. Mara nyingi tulikaa wawili tu, kazi zimeisha, na mimi nikawa nangoja aniambie kwamba amenisamehe. Hakuniambia mpaka tumemzika, na mimi sikuwahi kuthubutu kumuuliza.